Marahaba Iliyoizima Programu ya Zuhura

Hapana bwana, usiniletee habari za "mtumiaji mjinga". Umeandika programu, mzee wa watu kaigusa mara moja imekufa, halafu unamcheka yeye? Ngoja nikusimulie ya utotoni kwetu kule Misima.

Shule yetu ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa gunia la katani, ukilifunua unapiga chafya mpaka machozi. Jumamosi tukishamaliza mihogo yetu ya kuchemsha, tunanawa mpaka viwiko, ndiyo mwalimu wa hesabu aturuhusu kugusa kibodi. Kuandika programu hakutufundisha mtu. Mimi na Zuhura, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, tulikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, tunabahatisha tu. Siyo hawa wadogo zetu, kitu kikigoma dakika moja wanaiambia simu iwafanyie.

Zuhura akatengeneza yake: unaandika umri, inakwambia mwaka uliozaliwa. Na kwa vile kalelewa, akaianza kwa adabu: "Shikamoo. Una miaka mingapi?" Jumamosi nzima tuliijaribu sisi watoto, tunaandika 11, tunaandika 12, haikugoma. Salamu tuliiruka. Nani aitikie mashine?

Siku ya wazazi, baba yake akaja na sharti: "Nikikuta ni mchezo, Jumamosi zako zote ni za shamba." Aliyekaa mbele ya kompyuta ni bibi yake Zuhura, aliyejifunza kusoma ukubwani, darasa la ngumbaru. Akaisoma polepole, akatabasamu, akaandika kwa kidole kimoja: marahaba.

Skrini ikajaa Kiingereza, programu ikafa. Darasa zima kicheko. "Bibi kaiua!" Aliyesema hivyo nilimrukia, sikatai, shati lake likabaki na mkono mmoja. Baba mtu akasimama. "Twende nyumbani."

Zuhura hakulia. "Baba, bibi hajakosea. Kasalimiwa, kaitikia. Nimekosea mimi, sikumwachia nafasi ya kuitikia."

Akakaa akairekebisha, baba yake kasimama mlangoni, baraghashia mkononi. Kwanza salamu peke yake, ingoje jibu lolote. Ndipo swali la umri. Na mtu akiandika kisicho namba, isife, imwambie: "Samahani, sijaelewa. Niandikie kwa namba," halafu imuulize tena.

Bibi akarudi kwenye kiti. Marahaba. Kisha 68. Mwaka ukatokea.

"Kumbe inasikia," akasema, akamgeukia mwanawe. "Mwache mtoto." Nani abishe? Jumamosi zikabaki zetu.

Sasa hivi nipo Korogwe, natengeneza simu na kompyuta za watu, na kila siku naletewa programu zinazomfokea mtu kwa maandishi mekundu kama mlinzi wa getini. Zinang'aa, zina picha, zina kila kitu. Yetu ilikuwa maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, lakini ilijua kusubiri mtu aitikie, na ilijua kuomba samahani.

Haya, hiyo ya kwako: bibi yako akikaa mbele yake leo, akaandika marahaba, itamjibu nini?