Miguu ya Meza ya Kahawa

Meza ile niliisafirisha kwa basi kutoka Nairobi hadi Garissa, nimeizungushia blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa meza ya kahawa ya miaka ya sitini, ya mvule, na kwa wenzangu wa kazini huko mjini, kitu kikuukuu ndicho cha kisasa.

Nyumbani kwetu hakuna hata kiti kimoja. Tunakaa kwenye zulia, tunaegemea mito, na sinia la wali huwekwa chini, katikati yetu. Sasa hapo katikati palikuwa na meza yangu, na wageni wakaizunguka kama gari lililoharibikia njiani.

Mama akaniuliza kwa upole inafanya kazi gani. Nikapandwa na hasira. Nikamhutubia kwamba thamani yake yote iko kwenye miguu: tazama ilivyokaa mshazari, tazama inavyochongoka kuelekea chini, mafundi wa leo hawawezi! Akaishika mmoja mmoja, akaitikia kwa kichwa. Nikarudi Nairobi nikijua nimemwelimisha.

Nilipokuja sikukuu ya Idi, nilikuta ubao wa meza umelala juu ya zulia, na sinia juu yake.

"Hooyo, miguu iko wapi?" nikamuuliza mama.

Akanipeleka uani. Mbuzi wanne walikuwa wamefungwa, kila mmoja kwenye kigingi chake cha mvule, kimepigwa ardhini mshazari vilevile.

"Ulisema kweli, mwanangu," akasema. "Hawa walikuwa wanang'oa kila kigingi. Hivi vimewashinda."