Misalaba Myekundu kwenye Michikichi ya Koko

Mimi ndiye nilianza kuchora misalaba. Niseme mapema, kabla hamjaanza kunihurumia.

Mwaka ule walitaka kurefusha kiwanja chetu cha ndege, hapa Baraka. Ni kiwanja cha udongo. Siku ndege isipokuja, mbuzi wanakula upande mmoja na sisi tunacheza mpira upande wa pili, hakuna kugombana. Basi ikafika timu ya mradi kutoka Bukavu, ikaita mkutano. Injenieri wao, mwanaume mpole wa miwani, akaeleza kwamba hii siyo kazi kama zile za zamani. Maji ya mvua kutoka kiwanjani hayatamwagika kwenye nyumba za watu, yatachimbiwa mfereji mpaka ziwani. Na mti hautakatwa ovyo.

"Muti wenye uko njiani ya mufereji, tunautia musalaba mwekundu," akasema. "Mwenye muti anapita kwa biro, ile ofisi yetu, tunaangalia pamoja namna ya kuuzunguka. Mazingira ni yetu sisi bote."

Watu wakapiga makofi. Mimi katika maneno yote yale nilibeba mawili tu: msalaba mwekundu.

Wapimaji wao walisahau kopo la rangi nyuma ya darasa letu. Shetani hana wafanyakazi wengi Baraka, kwa hiyo mimi nafanya zamu zote. Asubuhi moja pikipiki ya prefe, mkuu wa shule yetu, iliamka na msalaba kwenye kiti. Kesho yake, mlango wa choo cha jirani. Jirani huyo ni mzee anayeheshimu sana serikali. Aling'oa mlango, akaubeba kichwani mpaka biro ya mradi, kuuliza kama choo nacho kinaweza kuzungukwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikachora sufuria kubwa ya koko.

Koko ni mama ya mama yangu, na ninakaa kwake toka darasa la kwanza. Nyuma ya nyumba alikuwa na michikichi kumi na miwili, alipanda kila mmoja kwa mkono wake. Alichemsha ngazi, yaani matunda yake, katika sufuria hiyo, akatwanga, akakamua mawese, akauza chupa kwa chupa kwa bamama wanaovuka ziwa kurudi Ubwari. Daftari zangu, viatu vyangu, mpaka sabuni ya kuogea, vyote vilitoka kwenye miti hiyo.

Alipoona sufuria hakuhangaika kuuliza ni nani.

"Weye mutoto, sufuria nayo iko njiani ya ndege?"

"Koko, siyo mi. Naapa."

"Siyo we? Basi ni malaika."

Nikasugua sufuria kwa mchanga mpaka vidole vikauma. Yeye alikaa pembeni akinitazama, na tumbo lake lilikuwa linatingishika kwa kicheko alichokuwa anakificha.

Siku nne baadaye nilitoka shule nikamkuta amesimama kati ya michikichi, mikono kiunoni. Kila mti ulikuwa na msalaba mwekundu.

"Lete panga, ukwangue bujinga yako."

"Koko, hii kweli siyo mi. Naapa."

"Na juzi uliapa."

Ni kweli, niliapa. Tena kibaya zaidi, mimi mwenyewe sikuwaza mradi. Niliwaza rafiki yangu wa darasa, niliyemwachia kopo, na nikamsifu kimoyomoyo kwa mistari yake iliyonyooka. Nikakwangua misalaba kumi na miwili, mmoja baada ya mwingine, huku ninaimba.

Jumapili, kanisani, lilisomwa tangazo: wenye miti yenye msalaba mwekundu wapite biro, mwisho siku ya tano, yaani Ijumaa, baada ya hapo plani inapelekwa Bukavu. Koko akanifinya paja.

"Umesikia? Benzetu beko na misalaba ya kweli."

Tukacheka chini ya kitambaa chake mpaka shemasi akatugeukia.

Ijumaa ikapita kama Ijumaa nyingine. Juma lililofuata, asubuhi, nikiwa na muhogo mdomoni, waliingia vijana wawili na msumeno wa mashini. Nyuma yao injenieri na daftari lake.

"Jambo, mama. Tulikungojea kwa biro."

Koko akaniangalia. Siyo kwa hasira. Hasira ningeibeba, nimezoea. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa njia na yeye mwenyewe amepotea.

"Alama hazionekani," kijana mmoja akasema.

"Ziko hapa," injenieri akajibu, akigonga daftari.

Hapo nikaanza kusema. Nilisema mbio, pikipiki, choo, sufuria, vyote pamoja. "Ni mi nilidanganya koko! Yeye hana makosa. Muzunguke, kama mulivyozunguka kwa jirani!"

Maana kwa jirani mfereji ulipinda. Mzee alipofika biro na mlango wake, ndipo walimwambia kwamba msalaba wa kweli uko kwenye miti yake ya avoka. Miti ikapona. Utani wangu ulimwokoa mtu mmoja, na hakuwa wa kwetu.

Injenieri akavua miwani. "Mutoto, plani imesha kwenda. Tena nikipindisha hapa sasa, maji itaingia kwa nyumba za chini. Nitabaambia nini?"

"Ulisema mazingira ni yetu sisi bote."

"Nilisema."

Akarudisha miwani usoni. Nadhani alisikitika kweli, na masikitiko yake hayakusimamisha msumeno. Mti wa kwanza ukaanguka na makuti yake yote, na matunda mabichi yakatawanyika hadi mlangoni. Nilimshika kijana mkono. Akanitoa taratibu, kama unavyomtoa kuku jikoni. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikaanza kuokota matunda.

Walituachia miche ishirini na minne katika vifuko vyeusi, miwili kwa kila mti uliokatwa.

"Hii inazaa nini?" koko akauliza.

"Inashika udongo, mama. Na inaleta kivuli."

"Aa. Kivuli."

Mchana bamama wakaja kumpa pole. Mmoja akashangaa: "Lakini mama, tangazo si lilisomwa mbele yako?"

Nikafungua mdomo. Koko akanikanyaga mguu, kwa nguvu.

"Nilisikia," akasema. "Nilisahau siku. Ni buzee."

Walipoinama kuangalia visiki akaninong'oneza: "Nyamaza. Batakuita ule mwenye alimaliza ngazi ya koko yake, mpaka utaolewa."

Basi mimi, ambaye shule nzima inanijua kwa mdomo, nikasimama pale na mdomo wangu umefungwa, nikisikiliza koko akiitwa msahaulifu. Mama mmoja wa Ubwari alikuwa amekuja na chupa zake tupu, kama kila juma.

"Sasa mawese utatoa wapi?" akamuuliza.

"Soko," koko akajibu. "Kama bote."