Siku Nilizofundisha na Maji Mdomoni

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo ikinijia kichwani nacheka peke yangu, halafu naona aibu. Kaa nikusimulie, mwanangu. Jana uliniambia umepewa darasa la kujifunzia ualimu, na ndani yake kuna mtoto asiyesikia vizuri, na wewe unamhurumia sana. Nilipokusikia ukisema unamhurumia, nilishtuka. Huruma ya namna hiyo naijua. Nusura niharibu mtoto wa watu kwa huruma.

Zama hizo Mdachi, yaani Mjerumani, ndiye aliyetutawala hapa Rumonge, na ugonjwa wa malale ulikuwa umeshika pwani yote ya ziwa. Askari walifyeka vichaka vya ufukweni, watu wakapangwa mstari na kushikwashikwa shingo ili ionekane nani ana uvimbe. Aliyekuwa nao alipelekwa kambini kupigwa sindano. Wengi walikufa. Wengine walipona, na baadhi ya waliopona walirudi hawaoni. Kwa nini, sisi hatukuambiwa. Tulizika wetu, tukarudi jikoni.

Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na saba, najifunza ualimu kwa Bi Kulthumu. Huyu alikuwa mwanamke wa Ujiji aliyeletwa huku na mumewe, akafungua chuo cha Kurani cha wasichana uani kwake. Chuo chetu kilikuwa mikeka mitatu na wasichana waliojaa juu yake. Kila mmoja alikuwa na ubao wake. Anaandikiwa aya kwa wino wa masizi, anazisoma mpaka zimkae, ubao unaoshwa, anaandikiwa nyingine. Wote walisoma kwa sauti kwa wakati mmoja, kila mtu na lake, ungedhani ni soko. Bi Kulthumu alikaa kwenye kigoda akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, na katikati ya kelele zote hizo kosa la mtoto wa mkeka wa nyuma halikumpita. Mimi nilitamani sana masikio yale. Nilikuwa na haraka ya kuitwa mwalimu.

Basi akaletwa Mwajuma. Alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Kabla ya malale alikuwa anasoma vizuri tu ubaoni. Aliingia kambini na baba na mama, akatoka peke yake, na macho yake hayaoni. Mjomba wake, Mzee Ramadhani, mchuuzi wa mawese, akamchukua nyumbani kwake.

Nilimpenda mtoto yule mara moja, na nikaanza makosa siku hiyohiyo. Ubao wake nilimpa msichana mwingine, nikasema huyu hana kazi nao. Kufagia nikamsamehe. Nilimshika mkono kila alikokwenda, hata chooni. Masomo nilimpa kwa sikio, namsomea aya naye anaifuata, na kweli alikuwa na kichwa chepesi. Lakini akisita tu, mimi nampa neno linalofuata. Mara nyingine nilimpa hata kabla hajasita. Kwa miezi mitatu tukaimaliza juzuu ya mwisho, na mimi nikaanza kujiona hodari kuliko aliyenifundisha. Nilitembea uani kifua mbele, kama kwamba ua ni wangu.

Asubuhi moja mjomba akaja. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki umfikirie hivyo. Alisimama mlangoni anatazama miguu yake.

"Amahoro, mwalimu," akasema. "Nyumba yangu iko na watoto saba, na mwaka huu mihogo iko kidogo. Huyu mutoto halimi, hachoti maji. Watu wananiambia nimukalishe pale kwenye njia ya soko. Mitumbwi ya Uvira ikifika, wenye kupita watamupa chochote."

Bi Kulthumu aliweka ungo wa ndagala chini. "Mtoto huyu anasoma," akasema.

"Kipofu anasoma namna gani, mama?"

"Kwa kichwa. Mwezi wa Rajabu ukiisha, njoo na wazee wawili. Akisoma juzuu nzima peke yake, bila kusaidiwa hata neno moja, niachie mimi, ataishi humu ndani na nitamfanya msomaji. Akishindwa, ni mpwa wako, sitakuzuia."

Elewa uzito wa maneno hayo. Mwanamke msomaji aliitwa kwenye kila msiba na kila arusi, akapewa mkeka wa mbele na sahani ya kwanza. Upande wa pili ilikuwa vumbi la njia ya soko na bakuli, maisha yake yote. Mjomba akakubali, akaenda zake. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Si juzuu tumeshaimaliza?

Kesho yake Bi Kulthumu akaniambia nikae mbali, karibu na jiko, akamkalisha Mwajuma mbele yake. Mtoto akaanza vizuri. Sura ya pili, katikati, akasimama. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, ananitafuta kwa masikio.

"Unamngoja nani?" Bi Kulthumu akamuuliza.

"Dada Saada aanze."

"Kwani umesahau?"

Mwajuma akafikiri. "Sijui, mwalimu. Sijawahi kungoja mpaka nikajua."

Niliitwa nyuma ya jiko. Bi Kulthumu hakupaza sauti, hakuwa na kawaida hiyo.

"Saada, nani anasoma juzuu?"

"Mwajuma."

"Anasoma Saada. Mwajuma anakuazima mdomo."

"Namsaidia, mwalimu. Mtoto hana macho."

"Macho yamechukuliwa na malale," akasema. "Kichwa unakichukua wewe."

Nililia. Hakunibembeleza. Alinisogezea kikapu cha vitunguu akaniambia nimenye, walau nipate sababu ya kulia. Neno lile liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimejenga fahari yangu yote juu ya uongo. Zilibaki wiki tano.

Nikaahidi kunyamaza. Mwanangu, usidhani ni rahisi. Mtoto akisimama, kifua chako kinabana, ulimi unawasha. Sikutoa neno, lakini nilivuta pumzi, midomo ikaachana, na Mwajuma akasema, "Dada Saada amefungua mdomo." Uwanja mzima ukacheka. Alikuwa anasikia hata mate yangu, na mradi anasikia nataka kusema, kwa nini ajisumbue kukumbuka?

Ndipo Bi Kulthumu akateka maji mtungini kwa kata, akanipa. "Jaza mdomo. Usimeze, usiteme, mpaka amalize."

Hiyo ndiyo asubuhi ninayoicheka. Mimi, msichana mkubwa mwenye posa mbili, nimekaa mbele ya watoto mashavu yamevimba. Wasichana walianguka kwa kicheko mpaka wengine wakashika matumbo. Nilitaka kucheka nami, maji yakanitoka puani, nikajazwa mengine. Kisha Mwajuma akafika pale pale pagumu, akasimama, na kicheko kikaisha.

"Dada Saada," akaita. Sikuweza kujibu. "Dada, umenikasirikia?"

Sitasahau. Machozi yalikuwa yananitoka na maji yamo mdomoni. Ungeweza kumenya muhogo mzima na kuukata vipande, mtoto bado amekaa kimya. Bi Kulthumu aliendelea na ndagala zake. Mwisho Mwajuma akapangusa pua kwa mkono, akarudi nyuma aya tatu, akazisoma mbiombio, akapita pale pagumu bila kugusa.

Hakuna aliyemfundisha njia hiyo. Sikuijua hata mimi mwenyewe.

"Njia alikuwa nayo," Bi Kulthumu akaniambia jioni. "Wewe ulikuwa umesimama juu yake."

Tangu siku ile mambo yakabadilika, ingawa si yote kwa mara moja. Mwajuma akarudishiwa ubao wake, auoshe na kuubeba kama wenzake, na akapewa kazi ya kukagua mbao za chuo kizima zikishaoshwa, maana vidole vyake vilijua wino umebaki wapi kuliko macho yetu. Wasichana wavivu walirudishiwa mbao zao waoshe tena mpaka wakaanza kumwogopa. Akafagia. Akajifunza njia ya kwenda kwa mjomba na kurudi, siku moja akajikwaa kwenye mawe ya jiko la mawese la jirani, akachubuka goti. Nilikimbia kumwinua, akanisukuma. Wiki mbili nilijaza maji. Baadaye nikaweza kunyamaza bila maji, kwa shida.

Rajabu ikaisha. Mzee Ramadhani akaja na wazee wawili, wakaketi barazani. Mmoja alikuwa babu mpole sana, ndevu nyeupe, anayependwa na watoto wote wa mtaa kwa sababu hakujua kusema hapana. Mwajuma akakalishwa mkekani mbele yao. Mimi nikakaa nyuma ya wazee, mikono nimeikalia.

Akasoma. Alisoma kwa utulivu, kila herufi mahali pake, na nikamwona mjomba ananyanyua kichwa polepole. Tukavuka sura kumi, tukavuka ishirini. Zilipobaki sura chache tu, akasimama.

Kuku akapita uani. Mjomba akashusha pumzi, akasema chinichini, "Haya. Amesahau."

Na yule babu mpole akainama mbele. Nilimwona ananyoosha shingo, nikamwona anavuta pumzi, nikajua anachotaka kufanya, maana hakuna aliyekijua kuliko mimi. Anataka kumpa neno. Kwa wema wake wote alikuwa anakwenda kumkalisha mtoto njia ya soko, kwa sababu sharti lilikuwa asisaidiwe hata neno moja.

Sasa fikiria msichana wa enzi zile kumgusa mzee begani mbele ya watu. Nilinyoosha mkono nikamshika kanzu. "Babu, nakuomba radhi," nikasema. "Usimpe. Mwache atafute."

Aligeuka akanitazama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Mzee wa pili akaguna. Mjomba akaanza kuinuka. Nikadhani nimeharibu kila kitu, kwa utovu wa adabu ulionizidi umri. Ndipo sauti ndogo ikatoka mkekani.

"Sijasahau, mjomba. Ninatafuta. Ungoje."

Akarudi nyuma aya tatu, zikamkataa. Akarudi nyuma zaidi, mwanzo wa sura, akaja nazo kwa haraka moja mpaka ng'ambo, na hakusimama tena mpaka akafunga juzuu. Mimi nilikuwa bado nimeshika kanzu ya mzee wa watu.

Mzee Ramadhani akainuka. Kisha akamwendea mpwa wake, akachuchumaa mbele yake. "Mimi nilitaka kukukalisha njiani," akasema. "Unisamehe, mama yangu." Alimwita mama yangu, mtoto wa miaka tisa. Akamgeukia Bi Kulthumu, akamshukuru: "Murakoze."

Yule babu mpole alinitania mpaka anakufa. Kila akiniona anajifumba mdomo kwa mkono, na mimi nachutama kwa heshima huku nacheka.

Mwajuma alikua msomaji, na baadaye akarithi mikeka ile mitatu Bi Kulthumu alipozeeka. Mama yako alisoma kwake, mwanangu. Hukujua hilo? Muulize. Atakuambia kwamba ukikwama kwa Mwalimu Mwajuma, anageuza uso wake kwako na anakungoja, na hakuna kungoja kwingine duniani kulikomfanya mtoto akumbuke kama kule.

Basi shika haya. Mtoto wako asiyesikia, mkalishe mahali anapouona mdomo wako, na usiseme naye ukiwa umempa mgongo unaandika ubaoni. Hicho ndicho kitu anachokihitaji kwako, mpe bila kubania. Lakini ukishampa, acha. Usimjibie akiulizwa. Usimmalizie sentensi. Usimwondolee zamu ya kufagia, wala kosa lake usilifiche, asahihishwe kama wenzake. Muulize yeye mwenyewe anaona vipi njia yake, maana yuko ndani yake usiku na mchana na wewe umefika juzi. Akinyamaza, nyamaza naye, hata kama kifua kinakubana na wenzako wanakuona huna huruma. Na siku mtu mwema, mkubwa kuliko wewe, atakapotaka kumbeba mtoto huyo kwa namna ya kumwangusha, shika kanzu yake. Omba radhi, lakini shika.

Njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu akukuze katika kazi hii. Akupe watoto wagumu, maana wepesi hawatakufundisha kitu, na akupe kifua cha kuwavumilia. Akujaalie uzeeke ukiwa na wanafunzi waliokuzidi, kama mimi nilivyozidiwa na kipofu wa Rumonge, na nikafurahi. Amina. Sasa nenda, darasa lisikungoje.