Magunia ya Kahawa Mlango wa Nyuma

Nakumbuka Jumapili moja ya msimu wa kahawa, mwanangu. Umenionyesha kwenye simu chumba chako cha chuoni, kitanda na pazia jipya. Mimi macho yangu yamekwama kwenye pikipiki iliyoegeshwa ikaziba mlango wa dharura wa bweni lenu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, matroni wa bweni la wasichana kwenye chuo kimoja hapa Mbinga. Unajua huku milimani kahawa ikipata unyevu imekwisha, kwa hiyo msimu ule kila mtu analala nayo ndani. Mama yangu aliniletea magunia kumi na moja kutoka Mbuji. Nami, kwa ujanja wangu, nikayapanga kwenye korido kavu, yakaegemea mlango wa nyuma, nikaufunga kwa kufuli kwa nje. Ufunguo nikaufundika kwenye pindo la kitenge.

Mlinzi wetu, Mzee Komba, alinifuata mara tatu. "Matroni, tuwatoe mabinti wote siku moja, tuwahesabu, tuone kama huku nyuma kunapitika."

"Babu, unataka kuwachezesha gwaride? Acha kahawa yangu ikauke kwanza."

Nilimcheka mzee wa watu, halafu nikaandika kwenye daftari la bweni kwamba zoezi la kujiokoa na moto limefanyika. Mungu anisamehe.

Jumapili hiyo nilikuwa kanisani. Binti mmoja akasahau pasi juu ya godoro, chumba cha karibu na mlango wa mbele. Tulisikia mayowe, tukatoka, moshi umeziba paa. Nilikimbia peku, viatu sijui niliviacha wapi. Mlango wa mbele ulikuwa moto mtupu, madirishani nondo, na wasichana wanane walikuwa ndani.

Nikafungua kufuli. Nikasukuma. Loo! Mlango haukusogea hata kidogo, kwa sababu ulifungukia ndani, na ndani kulikuwa na magunia yangu. Nilisukuma na Mzee Komba huku nikiwasikia wakikohoa na kuita, "Matroni! Matroni!" Mwanangu, waliniita mimi!

Waliyaburuta wenyewe, gunia moja moja, gizani kwenye moshi. Esta, binti wa mvuvi wa Liuli, ndiye aliyewapanga na kuwatanguliza wenzake wote saba, akatoka wa mwisho. Alianguka miguuni pangu, uso mweusi tii, akanitazama.

"Matroni," akasema, "kahawa yako imepona."

Hakuwa ananikejeli. Alidhani ndicho nilichokimbilia. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kama mtoto.

Esta yupo hai, lakini kifua hakikupona. Alikuwa sauti ya kwanza kwaya ya kwao, na tangu siku ile hajamaliza ubeti.

Basi nisikilize. Leo hii, kabla hujala, nenda ukaombe pikipiki ile iondolewe, wakikucheka, wacheke. Ujue njia ya pili ya kutokea, uipite kwa miguu yako, gizani pia. Ufunguo usikae kwa mtu aliye mbali. Mkubaliane mtakutana wapi nje, mhesabiane. Na wakikuletea daftari useme mmefanya zoezi wakati hamjafanya, kataa kusaini.

Mungu akutangulie kila uingiapo, mwanangu, na kila mlango utakaousukuma ufunguke.