Saa Moja Ilivyoishinda Saa Kumi na Moja

Ijumaa, 17 Mei 1996. Mvua tangu usiku, na upepo wa kuingiza maji madirishani.

Naandika haya na uso sina, maana leo nimemwaibisha shangazi yangu Mwanaisha mbele ya ghala zima la Mbaraki, yeye aliyeniombea kazi pale. (Kozi ya kompyuta sikuimaliza, lakini hilo hakuna aliyeniuliza.)

Meneja wetu, Bwana Mutua, alitaka kumzawadia jiko la gesi mfanyakazi aliyewahi kuingia mapema kuliko wote. Saa za kuingia nilikwisha kuzitia kwenye kompyuta, safu moja kwa kila jina, vile vile alivyoziandika bawabu, na bawabu ni mtu wa hapa, saa zake za Kiswahili. Jana nikaona njia ya mkato: niiulize kompyuta nambari ndogo kuliko zote katika kila safu, kisha ipange majina, mwenye ndogo juu. Jibu sikulitazama hata, nikalichapa nikalitia kwenye bahasha, na nyumbani nikamwambia shangazi, ambaye hufagia ofisi kabla watu hawajafika, "Jiko ni lako hilo," naye akampa jirani yetu Bi Zuhura jiko letu la mafuta.

Asubuhi Bwana Mutua akafungua bahasha. "Wa kwanza, Kazungu." Watu wakacheka wakidhani ni mzaha, kwani kazi huanza saa moja, na Kazungu huingia saa moja na dakika moja, mbio, shati mkononi. Akasoma na wa mwisho. "Mwanaisha. Mama, tujitahidi kidogo kuamka."

Shangazi akageuka. Alinitazama mimi.

Hapo nikaelewa: kompyuta haijui alfajiri. Kwake moja ni ndogo kuliko kumi na moja, na kwa mvua hizi kila mtu amechelewa japo mara moja akaandikiwa saa moja na kitu, ila shangazi, ambaye saa kumi na moja na nusu ya alfajiri haijamkuta nje ya geti. (Nisiionee kompyuta, ilijibu nilichouliza.) Nikasimama nikaeleza, na Bwana Mutua akauliza, "Kwani wewe kompyuta ulisomea wapi?" na ghala lote likangoja jibu.

Kazungu, ambaye si mtu mbaya, akajitwika jiko. "Mimi sikuomba. Kompyuta yenyewe ndiyo iliyoniona." Meneja akasema la shangazi litanunuliwa. Hakusema lini.

Sitauliza tena kilicho kidogo kabla sijajua hesabu imeanzia wapi.

Jioni hatukuwa na cha kupikia. Bi Zuhura akatuletea wali wa nazi na mchuzi wa papa, kaupika kwenye jiko letu. Shangazi akapakua, akazipanga sahani mkekani, akaitazama safu nzima, akachukua yenye kidogo kuliko zote akanisogezea.

"Hiyo yako, mwanangu. Kagua."

Nikakagua. Hakukosea.