Maziwa haifike mu mapafu

Hapana, Papa Kambale, maziwa haifike mu mapafu! Leo nilimwambia mara tatu. Akacheka tu, kisha akakohoa mpaka akashikilia ukuta.

«Mi nakunywa maziwa kila jioni tangu haujazaliwa, Kavira. Inashusha vumbi. Niko nakufa?»

«Bado. Lakini hata mi nilikuwa nakunywa!»

Na anajua kwenye ilinifikisha.

Nilipomaliza segondari, nilipata kazi hapa Katindo, kwa mashini ya kusaga unga. Papa Kambale njo anaendesha mashini. Mi nilikuwa nachekecha na kufunga mifuko. Alinipokea kama mutoto wake. Kila jioni kikombe ya maziwa: «Kunywa, mama, unga ishuke.» Niliimba mu korali, sauti ilikuwa na nguvu. Nani angewaza mapafu?

Ilianza na kamasi, nyeupe na nzito kama bugali. Kisha kikohozi. Siku moja nilikohoa mpaka nikajikojolea mbele ya watu. Papa Kambale akamwanga maji pale chini haraka: «Pole, mama, ni mi nimemwanga!» Kifua ikaanza kupiga mluzi. Siku za kazi, lundi mpaka samdi, inabana; dimanche napumzika, inafunguka. Mi nikaongeza maziwa, vikombe viwili. Mujinga!

Kisha siku moja, nikiwa nafunga mufuko, hewa ikakatala kuingia. Midomo ikageuka rangi. Papa Kambale akazima mashini, kitu yenye hajawahi kufanya na watu wanangoja.

«Muzee, na mihogo yetu?» ba mama wakapiga kelele.

«Mihogo haikufe!»

Akanipandisha ku pikipiki ya taxi, akakaa nyuma yangu, akanishika kama mutu anabeba mayai.

Ku centre de santé walinipa dawa, nikapumua. Nilipopata nguvu, munganga akaniletea mashini ya kupima mapafu, akanifunga pua.

«Vuta hewa yote. Sasa puliza! Puliza, puliza, usiache!»

Na haraka yangu, nilipuliza mbele amalize kusema. «Anza tena.» Mara ya tatu niliona nyota. Akanipa dawa ya kuvuta na mudomo, tukangoja, nikapuliza tena: hesabu ku mashini ikapanda.

«Unaona? Unga inafunga njia za hewa, dawa inafungua. Lakini ukingojaka sana, siku moja zinakatala kufunguka.»

«Na maziwa?»

Akacheka. «Ile inaenda ku tumbo.»

Nilipumzika, nikavuta dawa, nikarudi ku kazi na cache-nez ya kufunika pua na mudomo. Sasa napokea mihogo inje, mbali na vumbi. Dimanche iliyopita niliimba mpaka mwisho. Aksanti Mungu, na aksanti muzee mwenye alizima mashini.

Wewe mwenye unafanya kazi mu vumbi: kama kifua inabana siku za kazi na inafunguka siku ya kupumzika, enda ku centre upulize. Usingoje kama mi.

Lakini Papa Kambale? Leo, kikohozi ilipoisha, alisema polepole: «Na kama ile mashini ya kupuliza inasema mapafu yangu imekwisha? Patron, mwenye kinu, ataweka mutu mwingine. Mi sijue kazi ingine, Kavira.»

Nimetafuta jibu mpaka usiku huu. Sasa niko nayo. Kesho asubuyi, mbele awashe mashini, nitakuwa ku mulango na cache-nez mpya na kikombe ya maziwa. Kwa patron tutaenda wawili, kuomba amupe kazi ya inje kama yangu. Cache-nez aivae palepale. Maziwa nitaibeba mi mwenyewe mpaka ku centre. Atainywa akimaliza kupuliza.