Fremu Aliyoileta Mama

Jirani yangu hapa Lindi ana karakana ndogo ya pikipiki. Kila anapoloweka vyuma vyenye kutu kwenye mafuta ya taa, harufu yake hupanda mpaka dirishani kwangu, nami siwezi tena kuendelea na ninalolifanya. Huweka kisu chini, nikaacha vitunguu nusu, nikaanza kuzunguka jikoni bila sababu. Kwangu mimi harufu ile ni ya mwaka mmoja tu, mwaka ambao nyumbani kwetu Kilwa Masoko hakuna mtu aliyetulia.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea. Alifanya kazi kisiwani Songo Songo, kwenye mitambo ya gesi, mpaka ujenzi ukaisha na mafundi wakaambiwa ahsanteni. Mpaka siku hizo Baba kwangu alikuwa mtu wa sikukuu: anakuja Idi, ananukia sabuni mpya, ananibeba begani, anaondoka. Sasa akarudi na sanduku lake la vifaa, akakaa. Kukaa kwenyewe ndiko kulikomshinda. Alinoa panga lililokwisha nolewa. Alipanda juu ya paa kutafuta tundu ambalo hata mvua haikuwa imelijua. Akinywa chai, goti lake lilicheza mpaka kikombe kikaanza kulia kwenye kisahani.

"Baba Somoe," Mama alikuwa akimwambia, "chai haikimbii."

Kilichomhangaisha nilikijua nusunusu. Rafiki yake Makame alikuwa Msumbiji, na kila mara alipiga simu kumwita: huku kuna kazi, njoo. Baba aliipokea simu ile uani, akienda huku na kurudi kule kama mtu anayepima kiwanja, na Mama alikuwa akikuna nazi kwa nguvu kuliko nazi ilivyohitaji. Akimaliza alisema, bila kumtazama mtu, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Baba alijifanya hakusikia.

Karibu na soko alikuwapo Bi Hadija, mama mnene, mcheshi, aliyenunua vyuma chakavu. Uwanja wake ulijaa mabati, rejeta na vitanda vilivyokatika miguu. Siku moja nilipotoka madrasa nilimkuta Baba pale, amechuchumaa mbele ya kitu fulani. Ilikuwa fremu ya baiskeli ya mashindano, ya chuma, ya zamani. Haikuwa na magurudumu, wala usukani, wala siti, imebaki mifupa. Rangi ilikuwa imebanduka, lakini mabomba yake yalikuwa membamba na yamenyooka, na pale yalipoungana palikatwa ncha ndogo za nakshi, kama majani ya mkungu. Baba aliinyanyua kwa vidole viwili. Akaigonga kwa kucha kutoka juu mpaka chini, sikio karibu, ikalia kama bilauri.

"Haijaoza ndani," alisema.

"Basi ichukue," Bi Hadija akamjibu. "Nitakufanyia ya ujirani."

"Niichukue niifanyie nini? Magurudumu yake hapa nitayatoa wapi?"

Akaiweka chini. Kesho yake akaenda tena. Na siku iliyofuata. Kwenye chakula tulikuwa hatuna habari nyingine. Alisema tairi zake ni nyembamba, zitazama kwenye mchanga. Alisema bomba la siti limeshikwa na kutu, halitoki. Alisema haina maana kabisa. Kisha alitafuna kidogo, akatazama mlango, akasema, "Lakini ni nyepesi ajabu."

Nami nikaambukizwa. Ilijulikana kwamba siku yoyote lori la kutoka Dar lingekuja kuzoa vyuma vya Bi Hadija, na wazo la fremu ile kutupwa humo pamoja na masufuria yaliyopondeka lilininyima raha. Darasani nilichora magurudumu pembezoni mwa hesabu. Kengele ikilia nilikimbia mpaka sokoni, nachungulia, napumua, ndipo naenda nyumbani.

"We Somoe," alinikemea Bi Hadija siku moja, "umekuwa paka wa buchani? Hata salamu hakuna?"

"Shikamoo, Bi Hadija."

"Marahaba. Ipo, haijaota miguu."

Lori lilikuja asubuhi ya siku isiyo ya shule. Nilipoliona nilirudi mbio, kiatu kimoja mkononi. Baba alikuwa uani, ndiyo kwanza amekata simu.

"Baba, lori limekuja! Wanapakia!"

Alikaa kwenye kigoda, akasugua uso kwa viganja vyote viwili. "Acha iende, mwanangu. Nijenge baiskeli ya nini? Mimi mwenyewe ni mtu wa kuondoka."

Ndivyo tulivyojua, mimi na Mama, kwamba alikuwa ameshaamua.

Mama alikuwa mlangoni na upawa mkononi. Aliingia ndani, akatoka na sufuria yake kubwa ya pilau, ile iliyoazimwa mtaa mzima kila penye harusi, akajitwika kichwani na kutoka. Nilidhani amekasirika anakwenda kwa dada yake. Aliporudi hakuwa na sufuria. Alikuwa na fremu begani, juu ya kanga, na watoto wa mtaa wakimfuata kwa vicheko. Jirani mmoja akamwita, "Mama Somoe, unakwenda mashindanoni?" Mama akajibu kwamba ameshashinda, anarudi.

Aliisimamisha ukutani mbele ya Baba. "Imalize kwanza, ndipo uende. Sitaki kuachiwa vyuma uani."

Tangu hapo nyumba ikanuka mafuta ya taa. Bomba la siti liliwekewa mafuta, likangojwa, likasokotwa, likakataa, likawekewa tena, mpaka siku moja likatoa mlio kama mbuzi na Baba akaanguka chali nalo mkononi. Magurudumu yalipatikana Kivinje kwa mtu aliyeyatundika darini miaka mingi. Usukani uliojikunja kama pembe za kondoo ulitoka huku Lindi, ukaja kwa basi. Baba alinionesha kunyoosha ringi: unakaza spoku huku, unalegeza kule, unazungusha, unatazama. Katika kutazama huko nikamjua. Nikajua kwamba anatumia mkono wa kushoto, kwamba akiimba kaswida anakosea maneno na kutia ya kwake, na kwamba mwanamume yule aliyeshika moto wa kuchomelea alikuwa akiogopa jongoo.

Aliyenikera ni Mama. Kila tulipokaribia kumaliza, alipata kasoro. Mnyororo ule mchakavu, utamkatikia porini. Breki hizo nazo, mbona zinalia? Siku ilipokuwa tayari kabisa, yenye rangi nyekundu iliyong'aa, alikuja akaizunguka, mikono kiunoni, akasema nyekundu haipendezi. Yeye anataka bluu. Baba akacheka, akachukua msasa, akaanza upya.

Nilimfuata Mama jikoni nikilia kwa hasira. "Mama, kwani hutaki Baba aipande?"

"Koleza moto," alisema.

Ikamalizika hata hivyo. Mama alikuwa hana tena cha kukosoa. Baba aliondoka nayo baada ya kusali Alasiri, akashika lami ya kwenda Nangurukuru, amelala juu ya usukani, na tairi zile nyembamba zikaimba mpaka zisisikike. Mama alifagia uwanja uliokwisha fagiwa, akafagia tena. Jua lilipoinama Baba akarudi, shati limegandamana mgongoni, anacheka peke yake. "Inapaa!" alituambia. "Wallahi inapaa!" Usiku ule goti lake lilitulia.

Lakini aliondoka. Mvua zilipokwisha alikwenda Msumbiji, akakaa huko muda mrefu kabla ya kurudi. Kwa miaka nilimwona Mama amejisumbua bure: amepoteza sufuria yake, na mume akaenda vilevile.

Juzijuzi, nami sasa nina mume ambaye kazi yake humweka mbali, nilimuuliza Mama. Tulikuwa tunachambua mchele.

"Ungemwambia tu asiende," nilisema.

"Angebaki," alijibu Mama. "Baba yako alikuwa msikivu. Lakini mtu ukimfunga kamba, mwili unakaa, macho yanabaki njiani. Nilitaka mikono yake iwe na kazi humu ndani, moyo uje wenyewe. Kwa muda wowote ambao ungepatikana."

"Ili nimzoee," nilisema, maana hilo nilikuwa nimelielewa nilipokua, na nililionea fahari.

Mama aliacha kuchambua, akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto akijibu swali la wakubwa. "Ndiyo, na wewe pia," alisema. "Lakini Somoe, mwanangu, unajua nilikuwa na umri gani? Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa. Nilikuwa nampenda."

Akarudi kwenye mchele wake. Nami nilikaa pale na ungo magotini, nikimwona kwa mara ya kwanza yule mwanamke kijana akikatiza mtaani mchana kweupe, chuma begani, watu wanamcheka, wala hajali.